Kabla ya Kulipia Shahada ya Marekani, Uliza Sanadi Yake

Ijumaa moja baada ya sala, mama mmoja wa hapa kwetu Junju alinisubiri kwenye baraza la madrasa, bahasha ya kaki mapajani. Niliitambua bahasha ile kabla sijamtambua yeye. Miaka miwili nyuma aliniletea iyo hiyo, na siku hiyo ilikuwa siku ya furaha. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani katika nchi mojawapo ya Ghuba, alikuwa amepata shahada ya usimamizi wa biashara kutoka chuo kikuu cha Marekani, akisoma usiku kwa simu baada ya vyombo kuoshwa na watoto wa wenyewe kulala. Mimi mwenyewe niliishika karatasi ile. Niliutazama muhuri wake wa dhahabu, nikausifu, tukasoma Fatiha, na watoto wa madrasa wakagawiwa kaimati.

Mara hii hapakuwa na kaimati. Binti alikuwa amerudi nyumbani, karatasi ikapelekwa Nairobi itambuliwe, na jibu likarudi kwamba chuo hicho hakijulikani na mamlaka yoyote ya elimu nchini Marekani. Haikuwa kwamba chuo ni dhaifu. Chuo hakikuwapo. Kulikuwa na tovuti nzuri, nambari ya simu na akaunti ya kupokelea fedha, basi.

“Sheikh,” aliniambia, “bangili zangu mbili zimo ndani ya bahasha hii.” Kisha akaniuliza swali lililomleta: “Mwanangu akiombea kazi kwa karatasi hii, ana dhambi? Yeye alisoma kweli. Alilipa kweli. Aliyedanganya si yeye.”

Nilimjibu kwamba hadi siku alipoujua ukweli, binti yake ni mdhulumiwa na hana lawama mbele ya Mola wake. Lakini tangu siku aliyojua, akimpelekea mwajiri karatasi ile na kusema hii ni shahada, ghishi itakuwa yake yeye. Mama aliitikia kwa kichwa, asiseme neno. Jibu lilikuwa sahihi na lilinikaa kooni, kwa sababu niliyeitia baraka karatasi ile ni mimi, na siku ile sikuuliza swali hata moja. Tangu hapo nimewauliza wajuao, nimewasumbua vijana wetu walioko vyuoni wanifungulie kurasa kwenye simu zao, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya akina mama na mabinti wa ukanda huu, maana najua si nyumba moja tu inayofikiria jambo hili.

Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani hatukupaswa kudanganyika kirahisi namna ile. Elimu yetu yenyewe imesimama juu ya swali moja: umesoma kwa nani? Mwanafunzi akitoka Riyadha, Lamu, hakuna mzee amwulizaye rangi ya cheti chake. Huulizwa sheikh aliyempa ijaza, na sheikh huyo naye aliipata kwa nani, hadi mnyororo ufike kwa mtu asiyetiliwa shaka. Hadithi nazo ni vivyo hivyo. Maneno yaweza kuwa matamu kama asali, lakini sanadi ikikatika wanazuoni huyaweka kando. Ithibati ya chuo kikuu cha Marekani ni sanadi, wala si kitu kingine, na mama yeyote aliyesoma madrasa anaweza kuifuatilia.

Marekani haina tume moja ya serikali inayokagua vyuo vikuu vyote kama tulivyozoea hapa Kenya. Serikali ya Washington haitoi ithibati kwa chuo chochote. Kazi hiyo hufanywa na vyombo vya ithibati, ambavyo si vya serikali. Vyombo hivyo hukagua walimu wa chuo, mitaala yake, fedha zake na matokeo ya wanafunzi wake, na baada ya miaka kadhaa hurudi kukagua tena. Kipo, kwa mfano, Higher Learning Commission chenye makao yake Chicago. Kipo kinachoitwa WSCUC, kikaguacho vyuo vya California na kwingineko. Kipo pia DEAC, kilichoanza mwaka 1926 kwa jina jingine, enzi ambazo masomo ya mbali yalikuja kwa posta, nacho kazi yake hasa ni vyuo vya masafa. Sasa, nani amkaguaye mkaguzi? Hapo ndipo pete ya tatu ya mnyororo: Wizara ya Elimu ya Marekani hutangaza vyombo inavyovitambua, na kando yake lipo baraza lisilo la serikali liitwalo CHEA, lililoundwa mwaka 1996, nalo hutambua vyombo kwa vigezo vyake.

Kwa hiyo pete ni tatu: chuo, chombo kilichokipa ithibati, na yule aliyekitambua chombo. Sisi tuliishia ya pili. Karatasi ya binti yule ilikuwa na jina la chombo cha ithibati, tena jina refu, lenye neno la kimataifa na neno la baraza. Nililisoma nikaona limetosha. Sikujua kwamba mwenye kubuni chuo hashindwi kubuni na chombo cha kukisifu, na huenda vyote viwili vilizaliwa chumba kimoja, siku moja.

Wala mchezo huu si wa juzi, wala si wa kibanda cha mtu mmoja. Mwezi Mei mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni iitwayo Axact, ya mjini Karachi nchini Pakistan, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo visivyokuwapo. Majina yalifanana na ya Kimarekani yanayojulikana: Columbiana, Barkley. Walimu na wanafunzi waliozungumza kwenye video walikuwa waigizaji wa kulipwa. Na vyombo vya ithibati vilikuwa vya kubuni vile vile. Miongoni mwa wateja walikuwamo watu wengi wanaoishi Ghuba, ambako ndugu zetu wamejaa. Mtu aliye mbali na kwao, mwenye mshahara mdogo na hamu kubwa ya kurudi nyumbani akiwa na kitu, ni windo rahisi.

Jinsi ya kufuatilia sanadi hii si ngumu, na haina malipo. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya vyuo vyote vyenye ithibati inayotambuliwa, na CHEA ina yake kwenye chea.org. Zote mbili hufunguka kwa simu ya kawaida. La muhimu ni kuanzia kwenye orodha, si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji kwa WhatsApp, maana kiungo chake kitakupeleka kwenye orodha yake. Andika jina la chuo kama lilivyo, herufi kwa herufi, kisha tazama mji na jimbo. Columbia si Columbiana. Wengine husema ukiona anwani ya tovuti imeishia na .edu, basi moyo utulie. Ni dalili njema, lakini si hoja ya kukata. Tangu mwaka 2001 anwani hizo hupewa vyuo vyenye ithibati inayotambuliwa, ila waliokuwa nazo kabla ya hapo waliachiwa.

Zipo na dalili ambazo hazihitaji hata intaneti. Chuo cha kweli hukuuliza cheti cha sekondari na Kiingereza chako, kisha hukungojesha. Cha uongo hukubembeleza. Hukwambia uzoefu wako wa maisha pekee unatosha kuwa shahada, kwamba punguzo linakwisha leo usiku, kwamba cheti kitafika kwa ndege baada ya wiki tatu. Binti yule alipigiwa simu mara nne kwa siku moja. Chuo gani kikuu kinampigia mwanafunzi simu mara nne kwa siku?

Baada ya haya msije mkadhani mlango wote umefungwa. Kusomea shahada ya mbali bila kuhama si uzushi wala si hila. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini watu wasiofika London tangu mwaka 1858, na wasomi wa kwanza wa Makerere walipewa shahada za London hadi mwaka 1963, wakiwa wamesomea Kampala. Wamarekani nao wamefika kwetu. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kuanzia mwaka 2010, wakimbizi walisoma stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Mjini Kigali, kuanzia mwaka 2013, vijana walipata shahada za Southern New Hampshire University kupitia taasisi ya Kepler, bila kupanda ndege. Ikiwa aliyekimbia vita akalala chini ya turubai ameweza, wa Junju hashindwi.

Kwa mtu asiye na mfadhili, jina linalotajwa zaidi ni University of the People, chenye makao yake Pasadena, California. Kilianza mwaka 2009, kikapata ithibati ya DEAC mwaka 2014, na baadaye ile ya WSCUC. Kina hata masomo kwa Kiarabu, jambo ambalo wahitimu wa madrasa zetu huenda wakalipenda. Hujitangaza kuwa hakina karo, na hapo ndipo nitakapowaomba mtulie kidogo, maana neno bure lina mikia. Karo ya kufundishwa haipo, lakini ipo ada ya kuomba nafasi, na ipo ada ya kila somo.

Tupige hesabu kama tunavyopiga ya duka. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani masomo 40 ya krediti tatu tatu. Chuo kikitoza, tuseme, dola 140 kwa somo, jumla ni dola 5,600. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 728,000. Si bure hata kidogo, ingawa hulipwa somo kwa somo, na hilo ndilo linaloifanya iwezekane kwa mama mwenye kibanda cha mahamri. Sasa linganisha na chuo kinachotoza dola 300 kwa kila krediti, bei ambayo Marekani huhesabiwa kuwa ya chini: dola 36,000, shilingi 4,680,000. Vyote viwili vitajitangaza kuwa ni nafuu. Kwa hiyo usiulize bei ya mwezi, wala bei ya krediti. Omba jumla ya shahada nzima kwa maandishi, pamoja na ada za mitihani, za teknolojia, za kuhitimu na za kutuma cheti. Uliza pia kama mwanafunzi aishiye nje ya Marekani hutozwa sawa na wa jimbo, kwa maana vyuo vingi vya serikali huko humtoza mgeni zaidi, na vingine havimpokei kabisa.

Mikopo ya serikali ya Marekani ni ya raia wake na wakazi wachache waliotajwa na sheria, kwa hivyo anayekuahidi mkopo huo ukiwa Kilifi anakuongopea. Ama kukopa kwa riba ili kulipia masomo, msimamo wangu mnaujua, sitaurudia. Ninachokishauri ni chuo ambacho unalipia somo moja ukilimaliza, na usipokuwa na fedha unapumzika muhula bila kutozwa faini. Vipo, ila ni lazima uulize.

Tuje nyumbani, maana shahada ya Marekani itafanya kazi Mombasa, si Chicago. Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tuiitayo CUE, iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, nayo imekuwa na jukumu la kutambua shahada za nje na kuzilinganisha na zetu. Ipo pia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kielimu, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Waandikie kabla ya kulipa senti. Taja chuo, taja shahada, taja kwamba utasoma kwa mtandao, na uliza watataka nyaraka gani. Uliza hasa juu ya alama zako za KCSE. Vyuo vingi vya Marekani hupokea mtu aliyemaliza sekondari bila kujali kama alifikia C+, na baadhi ya mabinti zetu wanalichukulia jambo hilo kuwa njia ya mkato. Huenda ikawa njia, huenda ikawa ukuta miaka minne mbele. Jibu la barua lihifadhini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ndugu zetu wa Tanga na Unguja wana tume yao, TCU, na wao waulize kule.

Kuna kazi ambazo shahada peke yake haikuingizi. Muuguzi atakutana na Baraza la Wauguzi, mwalimu atakutana na TSC, wakili na daktari ndio usiseme. Kwa fani hizo, kusoma kwa simu kutoka ng'ambo naona ni kujitafutia machozi. Kwa kompyuta, uhasibu wa kawaida au usimamizi wa biashara, kuna nafasi. Na jambo moja ambalo akina mama hulisema kwa sauti ya chini: shahada inayosomwa kwa mtandao kutoka nyumbani haileti viza. Marekani haimpi viza ya mwanafunzi mtu asomaye akiwa Junju. Anayetaka shahada hii kwa ajili ya safari, atafute safari kwa njia yake.

Yako na mambo ya ndani ya nyumba, ambayo mabinti wenyewe ndio walionifunza. Uliza kama vipindi vina saa maalumu. Darasa la saa moja jioni New York, kwetu ni saa nane au saa tisa za usiku, kutegemea majira yao. Wa tahajudi ataamka, lakini mwenye mtoto mchanga ataweza mara ngapi kwa wiki? Bora chuo ambacho somo unalifungua wakati wako, bora tu uwasilishe kazi kabla ya mwisho wa wiki. Uliza pia juu ya mtihani. Vyuo vingi hutaka kamera ikutazame usoni, na chumba chako, muda wote. Dada avaaye nikabu aandike mapema aombe msimamizi mwanamke, asingojee siku yenyewe. Vyuo vingine hukubali baadhi ya mitihani isimamiwe na mtu mwaminifu wa karibu, kama mwalimu au mkutubi, akiwa ameidhinishwa. Malipo ya dola yamekuwa mepesi tangu Safaricom ilipoleta kadi ya Visa ndani ya M-Pesa mwaka 2022. Umeme wetu ni habari nyingine. Msome kazi mapema, msingojee saa ya mwisho, maana mnazijua nguzo zetu.

Nami nitasema ninaloliona, ingawa wapo watakaolichukia. Kabla ya kuvuka bahari, tazameni kizingitini. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake Konza, na masomo yake ni ya mtandao tangu mwanzo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, tunakipita tukienda hospitali. Mwenye kuchagua Marekani achague kwa sababu aliyoipima, si kwa kuwa neno Marekani linang'aa kwenye karatasi. Nilikuwa mmoja wa waliong'aliwa nalo. Watu wa Junju tumezoea kuwa somo la wengine: kwa miaka mingi watafiti wa malaria wa KEMRI Kilifi wamekuwa wakiwapima watoto wetu damu, na matokeo yao yanasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Natamani kumwona mmoja wa watoto hao upande wa pili wa karatasi.

Mama yule hakuondoka mikono mitupu kabisa. Wiki tatu baadaye alirudi na bintiye mdogo, aliyemaliza Fomu Foro na kupata C+, akitaka kusoma kompyuta. Tukakaa barazani watu watatu. Binti alikuwa na majina matano ya vyuo kwenye daftari. Aliyaandika moja moja kwenye orodha ya Wizara. Matatu yalitokea. La nne lilitokea kwa tahajia nyingine na mji mwingine, akalikata kwa kalamu nyekundu bila kuambiwa na mtu. La tano halikutokea popote, nalo ndilo lililokuwa limeshamtumia ujumbe kwamba amekubaliwa. Barua ya kwenda Nairobi aliiandika mwenyewe, mimi nikasahihisha anwani tu. Dada yake mkubwa ndiye aliyempa fedha za bando. Ile bahasha ya kaki iko ndani ya sanduku, na hakuna kazi iliyoombwa kwayo.

Kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri, baraza la madrasa litakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kutazamiwa jina la chuo kabla ya kulipa. Akina mama wakae upande wa mlango wa kaskazini kama kawaida. Njooni na jina la chuo limeandikwa kikamilifu, jina la chombo kilichokipa ithibati, na simu yenye bando, kwa sababu ya madrasa huisha mapema.